Sebule Mpya, Nyumba Ile Ile: Kuchagua Eneo-kazi la Kompyuta kwa Anayeanza

Mazungumzo kwa wakazi wa Kizingo na Mji wa Kale wanaoanza kutumia Linux



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikisha mwisho msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za mitumba haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa hiyo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Ndipo jina la Linux likaanza kusikika hata barazani: mfumo endeshi wa bure, unaokubali mashine kuukuu.

Mfano ni wa karani mstaafu anayewachapia majirani barua na viapo. Laptopu yake ina RAM ya gigabaiti 4. Mpwa wake alinakili barua zote kwenye flashi, akaweka Ubuntu, akazirudisha. Asubuhi mzee anaiwasha: kitufe cha Start hakipo, upau wa chini haupo, na kushoto pamesimama safu ya aikoni asizozijua.

"Imeharibika hii. Naipeleka kwa fundi aifute."

"La, mjomba, haijaharibika. Ni sebule tu iliyopangwa vingine."

Kijana alisema kweli. Upau, menyu, namna madirisha yanavyofunguka na kufungwa, vyote hivyo ni eneo-kazi. Kwenye Windows nyumba na sebule huja pamoja. Kwenye Linux sebule hubadilishwa, nyumba ikabaki. Kubadilisha eneo-kazi hakugusi barua zilizohifadhiwa, lakini kuweka mfumo mzima upya kunaweza kufuta diski yote. Anayechanganya mambo haya mawili ndiye anayepoteza kazi ya miaka kumi kwa kutafuta kitufe kimoja.

Hatua ya kwanza, basi, ni kujua eneo-kazi lililopo. Safu ya aikoni kushoto na upau mwembamba juu, kama ilivyo kwenye Ubuntu, ni GNOME. Menyu kwenye kona ya chini kushoto, mfano wa Windows ya zamani, huenda ikawa Cinnamon, yaani mdalasini, au KDE Plasma. Macho yakishindwa, kwenye Ubuntu hubonyezwa Ctrl, Alt na T kwa pamoja, kisha huandikwa echo $XDG_CURRENT_DESKTOP. Jibu huja kwa neno moja au mawili. Jibu hilo liandikwe mahali, maana fundi au jirani atakayeombwa msaada ataliuliza kwanza. Maelekezo ya GNOME hayamfai mwenye Xfce. Hata video za Ubuntu za kabla ya Oktoba 2017 humpotosha anayeanza, kwani wakati huo Ubuntu ilikuwa na eneo-kazi jingine liitwalo Unity.

Kuchagua ndiko kunakowasumbua wengi, na kwa sehemu kubwa ni usumbufu wa bure. GNOME na KDE Plasma ni nzuri kwenye mashine yenye RAM ya gigabaiti 8 au zaidi. Kwenye 4, Xfce au MATE hupumua vizuri zaidi. MATE imepewa jina la kinywaji cha majani cha Amerika Kusini, na ilizaliwa kwa sababu baadhi ya watumiaji walikataa sura mpya ya GNOME ya mwaka 2011. Kwa hiyo karani wa Kizingo si wa kwanza kununa. Lakini kama mtu pekee wa kumsaidia anatumia GNOME, hilo nalo ni sababu nzito ya kubaki nayo.

Kazi yenyewe haibadiliki. eCitizen hufunguka kwenye kivinjari cha eneo-kazi lolote. Barua za Word hufunguka kwenye LibreOffice, ingawa mpangilio huenda ukasogea kidogo. LibreOffice imetokana na OpenOffice, ambayo mwaka 2004 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ambaye bado hajaweka chochote anaweza kuiwasha Linux Mint kutoka kwenye flashi na kuizungukia bila kugusa diski. Mint hutolewa kwa sura tatu: Cinnamon, Xfce na MATE. Aliye na Ubuntu tayari huongeza pakiti ya xfce4, hutoka kwenye akaunti, hubofya jina lake, kisha alama ya gia kwenye kona ya chini, na kuchagua. Menyu itajaa programu za aina moja mbili mbili. Hazina madhara.

Karani alijaribu Xfce kwa siku tatu. Upau ulikuwa juu, akaomba ushushwe chini. Mpwa aliushusha, na kiapo cha jirani kikachapwa kabla ya adhuhuri.