Kazi ya Sindano na Kuimaliza: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Halmashauri iliponitaka niseme machache juu ya kutumia vyema saa za mapumziko, wenzangu wa ofisini walidhani nitasema habari za mpira au za vitabu. Nitasema habari za sindano. Nimewaona wazee wawili hapo mbele wakitazamana, wala siwalaumu. Lakini aliyepata kukaa Lamu ajua kwamba huko mwanamume huketi barazani na kofia magotini, akashona huku akizungumza na wenziwe, na hapana amwonaye kuwa amepungukiwa na kitu. Na fundi wa cherehani katika miji yetu, je, mara nyingi si mwanamume? Huyo twamheshimu kwa kuwa analipwa. Basi aibu, kama ipo, haimo katika sindano.

Kofia ninayoisema ni ile nyeupe ya viua. Hushonwa kwa vipande viwili, kimoja cha mviringo cha juu na kimoja cha kuzunguka kichwa, kila kimoja kitambaa mara mbili. Mshonaji huchora nakshi yake, akapiga bandi kuifuata, kisha hutoboa matundu madogo na kuyazungushia uzi, tundu moja moja. Hayo matundu ndiyo viua, nayo hupitisha hewa kichwani. Tundu halikatwi kwa mkasi. Husukumwa kwa kitu chenye ncha hata nyuzi za kitambaa zikaachana, maana uzi uliokatwa utafumuka siku ya kufuliwa. Kofia nzuri ya mkono huchukua majuma mengi, pengine miezi. Mtu akiniuliza faida yake ni fedha ngapi, humjibu kwamba akitaka fedha na atafute kazi nyingine. Kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ndogo, nasi hatutashindana nazo.

Mimi mwenyewe niliingia katika kazi hii kwa njia ya huzuni. Marehemu baba yangu hakuwa mtu wa pwani, lakini aliizoea kofia alipokuwa akifanya kazi Mombasa, na mama akajifunza kushona kwa jirani yetu, bibi mmoja aliyetoka Lamu. Baba alifariki kofia yake mpya ikiwa nusu. Mama aliikunja, akaitia sandukuni pamoja na sindano yake, ikakaa humo miaka kumi na mmoja. Hakuigusa, wala hakuruhusu mtu kuigusa. Nilipovunjika mguu nikakaa nyumbani miezi mitatu, nilimwomba anipe niimalize. Alinyamaza siku nzima, kisha akaileta.

Mara tatu za kwanza aliyafumua yote niliyoyashona. Alinifundisha kukata uzi usiozidi dhiraa moja, kwa kuwa uzi mrefu huchakaa na kujisokota kabla haujaisha. Alinikataza kupiga fundo. Mwanzo wa uzi na mwisho wake hupitishwa chini ya mishono ya upande wa ndani hata ukashikwa wenyewe. Kabla sijaweza kutembea vizuri, kofia ilikuwa tayari. Nami kwa furaha, mama akiwa amekwenda sokoni, niliifua kwa maji ya moto nikaianika juani.

Ikaruka. Haikuingia kichwani mwangu, wala kichwani mwa mtu mzima yeyote.

Mama hakunigombeza, na ingalikuwa heri angalinigombeza. Siku ya pili alikwenda kwa jirani akaazima faruma, yaani kile kigogo cha mti kilichochongwa mfano wa kichwa, ambacho kofia huvishwa ikiwa mbichi ili ikauke bila kupungua. Akakiweka mbele yangu, akasema, “Hiki ndicho ulichokuwa hukijui.” Kisha akanipa kitambaa kingine.

Nasema hayo, Bwana Mwenyekiti, kwa sababu ya kabati letu. Tangu Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka wa 1952, mama zetu na bibi zetu wengi wamefunzwa kushona katika vikundi, na akina mama wa chama hiki wana mikono mizuri kupita wangu. Lakini tulipofungua kabati kwa ajili ya hesabu ya vifaa, tulikuta vitambaa vya meza na vya viti 34, na vilivyokwisha kabisa vilikuwa 5. Vingine vilikuwa na maua yaliyotariziwa vizuri ajabu, na kingo zimechanika kwa kukosa upindo. Kutarizi ua ni furaha. Kukunga upindo ni kazi. Kwa hiyo ua humalizwa na kitambaa huachwa.

Basi niruhusuni nieleze kidogo. Anayetaka upindo ulionyoka asitegemee macho. Avute uzi mmoja wa kitambaa hata utoke, na alama itakayobaki ndiyo mstari wake. Akunje mara mbili, mkunjo wa kwanza uwe mwembamba. Kwenye pembe asirundike kitambaa mara nne, bali aikate ncha kwa mshazari kwanza, kisha akunje pande zote mbili zikutane. Mishono ya upindo ishike nyuzi moja au mbili tu za kitambaa, ili upande wa mbele isionekane.

Kufua kunataka subira zaidi. Uzi mwekundu haufai kuaminiwa: lowesha kitambaa cheupe, ukandamize juu yake, utazame kama rangi inatoka. Fua kwa maji baridi, usikamue kwa kusokota. Na pasi isipitishwe juu ya maua, maana yatalala kama majani yaliyokanyagwa. Tandika blanketi lililokunjwa, laza kitambaa kifudifudi kikiwa na unyevu kidogo, ndipo upige pasi kwa upande wa nyuma. Maua yatazama katika blanketi na kuinuka tena. Kofia nayo hutiwa wanga mwepesi, ikavishwa faruma, ikaachwa kivulini hata ikauke yenyewe.

Ombi langu kwa Halmashauri ni dogo. Tupewe chumba cha nyuma Jumamosi moja kila mwezi, pamoja na meza na pasi, na siku hiyo asianze mtu kazi mpya; aje na ile aliyoiacha. Wanaume waje pia. Faruma nitaleta mimi, kwa maana mwaka juzi nilichongesha yangu.

Ile kofia ya kwanza nimeileta, ipo juu ya meza karibu na mlango. Mama alinipa ruhusa asubuhi hii. Tafadhali igeuzeni muitazame ndani kuliko nje, na ninaomba irudi kwangu kabla ya chai.