Somo la Redio: Bei ya Samaki Kabla ya Kufika Pwani

Leo tutasoma na kufanya hesabu pamoja. Andikeni maneno haya manne: mnada, mchuuzi, bei, simu. Mkiisha kuyaandika, wekeni kalamu chini msikilize.

Katika jimbo la Kerala, nchini India, wavuvi huuza dagaa kwa mnada pwani, asubuhi na mapema. Tarehe 14 Januari 1997 wavuvi 11 walifika pwani ya Badagara wasipate mnunuzi. Samaki walikuwa wengi mno siku hiyo, wakatupwa. Lakini asubuhi ile ile, umbali usiozidi kilometa 15, walikuwako wanunuzi 27 waliokuwa wakitafuta samaki! Nani angewaambia wale wavuvi? Kwenda pwani ya pili kwa kubahatisha ni kumaliza mafuta, na pengine ukifika mnada umekwisha.

Kuanzia mwaka 1997 mpaka 2001 minara ya simu ilisimamishwa katika pwani ile. Wavuvi wakanunua simu za mkononi, wakawa wanauliza bei wangali baharini, kisha ndipo wageuze chombo. Mtaalamu wa uchumi, Robert Jensen, alizipima habari hizo. Aliona kwamba faida ya wavuvi iliongezeka kwa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikapungua kwa asilimia 4. Asilimia 8 maana yake ni shilingi 8 katika kila shilingi 100. Msishangae kwamba muuzaji na mlaji wamefaidi wote wawili: samaki waliokuwa wakitupwa sasa waliliwa.

Afrika Kusini kuna soko la ndani ya simu liitwalo Abalobi. Jina hilo ni la Kixhosa, maana yake wavuvi. Mvuvi huandika katika simu samaki aliowapata, na mwenye mkahawa mjini Cape Town husoma na kuagiza. Mwaka 2020 mikahawa ilipofungwa kwa ajili ya korona, samaki wakauzwa kwa watu wa majumbani.

Sasa tuje kwetu. Wavuvi wengi wa Ziwa Victoria na wa pwani hukopeshwa nyavu, mashine au mafuta na mchuuzi, na kwa mkopo huo hawana budi kumwuzia yeye kwa bei aitakayo. Mtu wa namna hii hata akiiona bei nzuri kwenye simu, itamfaa nini? Mimi naona daftari la deni lije kwanza, simu baadaye. Andika ulichokopa, andika ulicholipa, siku kwa siku, kwa mkono wako mwenyewe. Na asiyejua kusoma humpa mwingine simu amsomee bei. Pengine huyo msomaji ni karani wa mchuuzi yule yule.

Haya, chukueni kalamu. Juma ana kilo 60 za samaki. Pwani ya kwanza kilo moja ni shilingi 3,000. Pwani ya pili ni shilingi 4,000, lakini mafuta ya kwenda huko ni shilingi 20,000. Aende wapi? Kisha fanyeni tena hesabu hiyo, Juma akiwa na kilo 15 tu. Mwalimu wenu atasahihisha. Somo lijalo tutajifunza kusoma mizani.