Mji Upimwe kwa Hatua za Mwenda kwa Miguu



Msafiri atokaye Arua kwenda Koboko siku hizi haijui taabu waliyoijua wazazi wake. Barabara ianziayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi mpakani Oraba, yenye urefu wa kilomita zipatazo 92, iliwekwa lami katika miaka ya 2010, na tangu hapo lori la mizigo iendayo Sudan Kusini na basi la abiria vyapita bila ya kungoja mvua ikatike. Hiyo ni neema, wala hatuna nia ya kuibeza. Lakini barabara ya lami haiji peke yake. Nyuma yake huja mpima ardhi na kamba yake, na nyuma ya mpima ardhi huja mnunuzi.

Wilaya ya Koboko ilitengwa na Arua mwaka wa 2005. Arua yenyewe ilipandishwa cheo ikawa jiji tarehe 1 Julai 2020, na katika kupanda huko ikaichukua Ayivu, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa nchi ya mashamba. Watu wa Ayivu walilala wakulima wakaamka wakazi wa jiji. Hapana shaka yoyote kwamba mji wa Koboko nao utaendelea kutanuka kuelekea magombolola yanayouzunguka, na mojawapo ya hayo ni Dranya. Huko Dranya nyumba bado zimetawanyika kati ya mashamba ya mihogo, na zinaunganishwa na njia za miguu ambazo hakuna serikali iliyozichora. Mazungumzo yetu ya leo yahusu njia hizo, na yatakayozipata siku mji utakapofika.

Kwanza tutazame ni nani anayetembea. Katika nchi yetu mwenye gari lake binafsi ni mmoja kati ya wengi mno. Waliobaki huenda kwa miguu, au kwa baiskeli, au kwa bodaboda, na safari ikiwa ndefu hupanda basi. Hata hiyo bodaboda, ambayo leo vijana wetu wengi hupata mkate wao kwayo, ilianza kwa baiskeli huko Busia katika miaka ya 1960, ikiwavusha watu na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na kile cha Kenya. Mama apelekaye mtoto kwenye kituo cha afya, mwanafunzi, mchuuzi wa samaki wakavu, wote hao ni raia wa barabara kabla ya mwenye gari. Na wao ndio wanaolipa kwa damu. Katika mwaka wa 2023 Polisi ya Uganda iliandikisha vifo 4,806 vya ajali za barabarani, na walio wengi miongoni mwa wafu hao walikuwa wapanda pikipiki na waenda kwa miguu.

Ajali nyingi huwaandama watu hao kwa sababu ya namna tunavyojenga. Barabara kuu ikishapata lami, kila mtu hutaka nyumba yake iitazame. Basi mji huwa mrefu kama kamba: duka huku, shule kule, kisima upande wa pili, kanisa na msikiti mbali zaidi, na kila haja ya nyumbani, hata ya kununua chumvi, humlazimisha mtu kutembea kandokando ya malori. Mji wa namna hiyo humwambia kila mkazi wake kwamba asipokuwa na chombo cha moto hana mahali. Atakopa anunue pikipiki, na baadaye, Mungu akimjalia, gari. Kisha sisi tutasema kwamba wananchi wanapenda magari. Labda wanayapenda; lakini hatujawahi kuwapa nafasi ya kuchagua.

Nyuma ya mstari huo wa barabarani mambo ni mabaya zaidi, na hapa twaomba wasikilizaji watuvumilie kwa hesabu kidogo. Kiwanja kinachouzwa mahali pengi nchini ni kile cha futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Eka moja ina futi za mraba 43,560. Mwenye eka yake akikata viwanja vinane, ameuza futi 40,000, na zinazobaki ni 3,560 tu, eneo ambalo halitoshi hata kiwanja kimoja. Hiyo ndiyo ardhi iliyoachwa iwe barabara, njia, mtaro wa maji ya mvua, na uwanja wa watoto: chini ya sehemu moja ya kumi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake Nairobi, lapendekeza kwamba barabara na njia za mji zichukue asilimia 30 hivi ya ardhi. Tukimwambia mwenye eka yetu afuate pendekezo hilo, atabaki na viwanja sita badala ya vinane. Viwanja viwili vimekwenda. Ni nani atakayekubali?

Swali hilo si la kupuuzwa, kwa maana ardhi ya Nile Magharibi kwa kiasi kikubwa ni ardhi ya kimila, na familia inayouza haiuzi kwa anasa. Inauza ili kulipa karo, au kumtibu mgonjwa. Kila muuzaji huuza hadi ukingoni mwa njia, jirani yake naye huuza hadi ukingoni, na kila mnunuzi ajengapo ukuta husogea mbele hatua moja. Baada ya miaka kumi, njia ambayo ng'ombe wawili walipishana haipitishi baiskeli. Mtoto ambaye shule yake iko nyuma ya nyumba yao, mahali awezapo kuisikia kengele, hulazimika kuzunguka hadi barabara kuu ndipo aifikie.

Lakini yako mambo mawili ambayo hesabu ile ya kwanza haikuyaonyesha. La kwanza, kiwanja si lazima kiwe futi 50 kwa 100. Kikiwa futi 50 kwa 80, eka ile ile itatoa viwanja saba, na zaidi ya theluthi moja ya ardhi itabaki kwa matumizi ya wote. Muuzaji hapo amepoteza kiwanja kimoja tu, na vile saba alivyobaki navyo vyafikika vyote, jambo ambalo mnunuzi mwenye akili hulilipia. La pili, ardhi hiyo ya wote haina haja ya kuwa barabara pana za magari. Njia moja ya upana wa mita tatu na nusu hupitisha watu wapatao 2,000 kwa saa wakiwa ndani ya magari yao binafsi; watu hao wakiwa juu ya baiskeli, njia hiyo hiyo hupitisha mara kadhaa zaidi. Kinachotakiwa ni njia nyembamba nyingi zinazokutana, na barabara chache zenye upana wa kutosha gari la wagonjwa, lori la matofali na basi.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mpango wa kimaskini. Yafaa tuwakumbushe habari ya Dodoma. Mwezi Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya Tanzania yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka wa 1976 ramani kuu ya mji ikakamilika, kazi ya kampuni ya wapangaji wa miji kutoka Kanada. Ramani hiyo haikuanza na magari. Ilianza na nyumba kumi, kipimo ambacho chama kilikwisha kukizoea katika mashina yake, ikazikusanya kumi kumi hizo ziwe mitaa, na mitaa iwe jumuiya za watu wapatao 28,000 kila moja, yenye shule zake, soko lake na kazi karibu. Jumuiya hizo zilipangwa kama shanga katika uzi, na uzi wenyewe ulikuwa njia ya mabasi peke yake. Mkazi alitarajiwa kwenda kwa miguu hadi kituoni, kisha apande basi. Wakati huo miji mikubwa ya Marekani ilikuwa ikibomoa mitaa yake ili kupitisha barabara za magari. Mji mkuu wa nchi maskini ulichorwa kwa fikira ambazo nchi tajiri zinajifunza leo.

Kwa bahati mbaya uzi haukufumwa. Fedha zilikuwa chache, uchumi wa Tanzania ukazorota mwishoni mwa miaka ya 1970, serikali ikachelewa kuhama, na njia ile ya mabasi haikujengwa kama ilivyochorwa. Serikali ilipohamia Dodoma kwa nguvu kuanzia mwaka wa 2016, mji ukakua upesi, Mamlaka ikavunjwa mwezi Mei 2017, na ujenzi mkubwa wa usafiri katika mji huo umekuwa barabara ya mzunguko yenye urefu wa kilomita zaidi ya 112. Sisi hatusemi kwamba barabara hiyo haina faida. Twasema kwamba mchoro mzuri usiolindwa ardhini hubaki kuwa karatasi.

Dar es Salaam iliuona upande wa pili wa jambo hilo hilo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwezi Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni katika njia zao wenyewe, mji huo ulisifiwa ulimwenguni, na watu wa Kimara waliokuwa wakiondoka nyumbani kabla ya alfajiri waliona tofauti, ingawa msongamano vituoni na uhaba wa mabasi umewaudhi sana tangu hapo. Lakini mwaka wa 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba nyingi zilibomolewa kwa kuwa zilisimama ndani ya hifadhi ya barabara. Waliozijenga wengi wao waliishi humo miaka mingi. Nafasi ambayo ingelindwa kwa vigingi vichache ilirudishwa kwa tingatinga.

Hapa kwetu sheria ziko. Katiba ya mwaka wa 1995 yakataza kuchukua mali ya mtu kwa manufaa ya umma kabla ya kumlipa fidia ya haki, nayo ni kinga njema kwa mnyonge. Maana yake vilevile ni kwamba njia isiyotengwa leo itanunuliwa kesho kwa bei ya mjini. Sheria ya mipango ya mwaka wa 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, ikaagiza kamati za mipango ziwepo hata katika magombolola. Mwaka wa 2012 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya kuwapa kipaumbele waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Kwa hiyo kamati ya Dranya haina haja ya kungoja amri. Inaweza kuchagua sasa mahali pa soko, shule na kituo cha basi, ikazikusanya nyumba mpya kandokando ya kituo hicho badala ya kuziacha zitambae na lami, na ikaandika njia zote za miguu zilizopo kabla ya kiwanja cha kwanza kupimwa.

Kuziandika pekee hakutoshi. Wazee wa koo zinazopakana ndio wajuao njia ilipita wapi kabla ya ukuta, na neno lao ndilo ambalo mnunuzi mgeni huliheshimu. Wakae pamoja kiangazi hiki, kabla ya mashamba kulimwa, wakubaliane upana wa kila njia, na wapande miembe au mikaratusi pande zote mbili. Kigingi hung'olewa usiku. Kuung'oa mwembe wenye miaka mitatu, huku kijiji kizima kikijua uliupandwa wa nini, ni kazi ngumu zaidi.