SIMU YA WAYA NYUMBANI: JINSI YA KUICHAGUA



Usiku wa Jumamosi, tarehe 5 Desemba 2015, mvua kubwa ilinyesha kaskazini ya Uingereza, na mto Lune ukafurika katika mji wa Lancaster. Maji yaliingia katika kituo kikubwa cha kugawia umeme, na ilipofika saa tano kasorobo usiku ilibidi kituo hicho kizimwe. Nyumba na maduka yapatayo 61,000 yakaingia gizani. Baada ya muda si mrefu simu nyingi za mkononi zikanyamaza, maana minara yake nayo ilikosa umeme. Intaneti ikakatika. Na zile simu za nyumbani zisizo na waya, ambazo mtu huzibeba kutoka chumba hata chumba, zikawa kama mawe.

Lakini kituo cha simu cha mji kilikuwa kikiendelea na kazi. Mtu mwenye simu ya namna ya kale, iliyofungwa kwa waya mpaka ukutani, aliweza kuinua mkonga wake na kumwita daktari au kuwajulia hali jamaa zake. Jirani yake mwenye laini kama hiyo, lakini aliyenunua chombo kizuri cha bei kubwa kinachotegemea umeme wa nyumbani, hakuweza kumwita mtu ye yote.

Basi habari hiyo ndiyo ya kutangulizwa na kila mwenye nyumba anayetaka kununua simu. Uzuri wa simu nyepesi ya waya si rangi yake wala bei yake ndogo. Uzuri wake ni kwamba yaweza kusema wakati kila kitu kingine kimenyamaza. Chombo kisichoweza kufanya hivyo kimepoteza nusu ya thamani yake, hata kikiwa na mapambo mengi.

NGUVU YA SIMU HUTOKA WAPI

Watu wengi hudhani ya kuwa simu ya waya haina haja ya umeme. Sivyo. Hutumia umeme, lakini umeme huo hautoki nyumbani. Katika kituo cha simu mna betri kubwa zenye nguvu ya volti 48 hivi, na umeme wake husafiri katika nyaya mbili za shaba mpaka nyumbani kwa mteja. Nyaya hizo hizo ndizo zinazochukua sauti. Mtu anapopigiwa simu, kituo hupeleka nguvu nyingine ya volti 75 mpaka 90 hivi, nayo ndiyo inayoliza kengele. Stima ikikatika mjini, betri za kituo huendelea, na mahali pengi pana jenereta ya kuzisaidia.

LAINI KWANZA, CHOMBO BAADAYE

Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara haanzi dukani. Huanza kwa kuiuliza kampuni yake ya simu swali moja: Je, laini hii huja kwa nyaya za shaba kutoka kituoni, au hupita katika modemu ya intaneti iliyomo nyumbani?

Swali hili lina maana kubwa siku hizi. Katika Uingereza laini za zamani zinaondolewa, na imepangwa kazi hiyo imalizike mwezi wa Januari 2027. Baada ya hapo simu ya waya itachomekwa katika modemu, na modemu hutumia umeme wa nyumbani. Ukikatika, simu nayo hukatika. Kwa sababu hiyo Ofcom, idara inayosimamia mawasiliano katika nchi hiyo, imeziagiza kampuni ziwape wateja wanaotegemea simu ya nyumbani peke yake njia ya kupiga simu za hatari kwa muda usiopungua saa moja baada ya umeme kukatika. Wako Waafrika wengi wa Mashariki wanaokaa huko pamoja na wazee wao, nao yawapasa kuiomba huduma hiyo mapema, wasingoje giza liwafundishe.

Katika Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Simu za mkononi zilienea upesi baada ya mwaka 2000, nyaya za shaba zikaibwa mahali pengi, na laini za nyumbani zikapungua sana. Zilizobaki nyingine hupita katika modemu. Mwenye laini ya namna hiyo na anunue betri ya akiba ya kuiendesha modemu, iwapo mtandao wenyewe waweza kuendelea bila umeme wa mjini. Simu yo yote atakayonunua haiwezi kumsaidia modemu ikizimika.

Tena ajihadhari na jambo moja. Ziko simu za mezani zenye mkonga na waya wa kujikunja, sura yake sawasawa na simu ya waya, lakini ndani yake mna kadi kama ya simu ya mkononi. Hizo hupata mawimbi kutoka kwenye mnara na huhitaji chaji. Si mbaya, lakini si simu ya waya. Yafaa kutazama nyuma ya chombo: kama hamna tundu la kuchomeka waya wa laini, basi ni namna hiyo.

MAMBO YA KUTAZAMWA DUKANI

Kwanza, simu ipate nguvu yake yote katika laini. Ikiwa ina plagi ya kuchomekwa katika soketi ya umeme, na aulizwe mwenye duka kama yaweza kupiga na kupokea bila plagi hiyo. Simu nyingine zina kioo cha kuonyesha namba ya mpigaji, nazo hutumia betri ndogo kwa kazi ya kioo tu. Hizo zafaa, mradi ziseme hata betri zikifa. Tena namba ya mpigaji haionekani mpaka kampuni iwe imeifungulia laini huduma hiyo.

Pili, sauti. Mkonga ushikwe mkononi na kuwekwa sikioni: usiwe mwepesi mno hata ukateleza, wala mzito hata ukamchosha mzee. Kidude cha kuongeza sauti kina faida kubwa nyumbani kwa watu wazima. Na ikiwa mtu anatumia chombo cha kusaidia masikio, na itafutwe simu iliyoandikwa kuwa yapatana na vyombo hivyo, kwa maana mkonga wa kawaida mara nyingine huleta mlio wa kuudhi.

Tatu, vitufe. Viwe vikubwa, na tarakimu zake zisomeke bila miwani. Kitufe cha 5 kiwe na nundu ndogo, ili asiyeona, au aliye gizani, apate kuzijua namba nyingine kwa kupapasa. Simu za kuzungusha, kama zile nyeusi nzito zilizokuwa katika maofisi zamani, ni imara na sauti yake ni njema. Lakini si kila modemu inayoelewa namba zake, wala haziwezi kujibu mashine inayosema, “Bonyeza moja.” Anayeipenda kwa uzuri wake na awe nayo, lakini isiwe simu pekee ya nyumba.

Nne, kengele. Isikike chumba cha mwisho na uani. Mtu akitaka kuweka simu kadha wa kadha juu ya laini moja, akumbuke kwamba nguvu ya kengele ina mpaka. Katika Uingereza laini ya kawaida huweza kuliza simu nne nyepesi, na zikizidi kengele hufifia au hazilii kabisa.

Tano, plagi ya laini. Plagi ya Kiingereza ni pana na ina ulimi ubavuni. Ya Kimarekani ni ndogo zaidi. Anayeletewa simu na ndugu yake kutoka Uingereza asishangae ikisema bila kulia. Simu nyingi za huko hutegemea kifaa kilichomo katika soketi za Uingereza ili kengele ilie, na adapta ya bei ndogo haina kifaa hicho.

HADHARI YA RADI

Simu ya waya ina kasoro moja isiyofichika. Radi ikipiga karibu, nguvu yake huweza kufuata nyaya mpaka nyumbani. Katika nchi zenye radi nyingi, kama Kisii na Kakamega, na iwe desturi ya nyumba kutoshika mkonga wakati wa ngurumo ila kwa hatari kubwa. Wakati huo simu ya mkononi isiyokuwa katika chaji ni salama zaidi.

KUIJARIBU NYUMBANI

Simu ikiisha kununuliwa, iwekwe mahali pasipo na maji, karibu na kitanda cha mgonjwa au cha mzee ikiwa yuko, wala waya wake usipite njiani ukamwangusha mtu. Kando yake kibandikwe kipande cha karatasi chenye maandishi makubwa: namba ya daktari, ya jirani, ya mtoto aliye karibu, na namba za hatari, ambazo katika Kenya ni 999 na 112.

Kisha, jioni moja kabla jua halijatua, mwenye nyumba na azime umeme wa nyumba nzima katika swichi kuu, amwite yule aliye dhaifu kuliko wote nyumbani, amwambie ainue mkonga na kumpigia jirani mwenyewe bila kusaidiwa. Akiweza, simu imechaguliwa vyema. Asipoweza, ni afadhali kujua jioni hiyo kuliko kujua usiku wa msiba. Tahadhari kabla ya hatari.