Omena au Nyama kwa Mtoto?



Sokoni Mbita, bucha na mikeka ya omena haviko mbali. Mtu akipata pesa, au wageni wakija, huelekea bucha. Omena hubaki chakula cha siku ya shida, na nyingi huuzwa kutengeneza chakula cha kuku. Kuku anakula kile ambacho mtoto wa ufuoni anakosa!

Kwa protini, samaki na nyama hawapishani sana. Gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi zina takriban gramu 20 za protini, na ngege mbichi ni karibu vivyo hivyo. Wapo wanaosema omena kavu huishinda nyama mara mbili. Kwenye mizani ni kweli, kwa sababu jua limetoa maji. Ikipikwa, hunywa maji tena na tofauti hupungua. Hata hivyo, anayenunua omena kavu halipii maji, wala hahitaji friji.

Tofauti kubwa iko kwenye madini. Nyama nyekundu ina madini ya chuma na zinki ambayo mwili huyachukua kwa urahisi, kwa hiyo familia inayoipata mara moja moja isimsahau mjamzito na mtoto wakati wa kupakua. Omena nayo huliwa na mifupa yake, ikaleta kalsiamu ambayo mnofu wa nyama hauna ya kutosha.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale nyama, samaki au mayai kila siku. Kila siku! Nyumba nyingi haziwezi nyama ya kila siku, lakini kijiko cha omena wanaweza.

Mtoto wa umri huo hapewi omena nzima, maana anaweza kukabwa. Mama huichambua, huiosha kwa maji moto, huikausha vizuri kwenye sufuria bila mafuta, kisha huitwanga na kuichekecha hadi iwe unga laini. Kijiko kimoja hutiwa kwenye uji ukiwa bado jikoni, ukachemka nao.

Shida ni mchanga. Omena iliyoanikwa chini huubeba hadi kwenye uji, na mtoto akiusikia mdomoni hukataa. Iliyoanikwa juu ya chanja huwa safi zaidi, kwa hiyo mnunuzi amuulize muuzaji ilianikwa wapi kabla ya kutoa pesa.