Shahada ya kilimo na hesabu za shamba
Tangu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kianzishwe Morogoro mwaka 1984, hoja haijafa kwamba kulima hakuhitaji shahada, kwani wazee walilima bila kusoma. Walilima kweli, tena kwa ujuzi mkubwa wa udongo na majira. Lakini mkulima wa mahindi hupata hasara hata baada ya kuvuna vizuri: anauza bei ikiwa chini kwa sababu ana madeni na hana ghala. Kujua gunia limemgharimu kiasi gani, auze au ahifadhi, mkopo utalipika au la, huo ndio usimamizi wa shamba, nao unafundishika. Wengine husema mhitimu hana ardhi wala mtaji. Pingamizi hilo ni zito, ila lawama yake iende kwenye mikopo na ugawaji wa ardhi, si kwenye masomo. Vyuo navyo vimkabidhi kila mwanafunzi shamba dogo, alisimamie tangu kupanda hadi kuuza, na asahihishwe kwa hesabu zake.