Viza Inaruhusu Nini, na Inafunga Nini?
(Mazungumzo mbele ya wana Afrika Mashariki, Blacktown, Sydney)

Waandaaji wameniomba nijibu maswali ya viza na safari. Niseme mapema kwamba mimi si wakili wala wakala wa uhamiaji, na sheria ya hapa inamkataza mtu asiyeruhusiwa kushughulikia kesi ya viza ya mwenzake. Haya ni maelezo ya jumla. Kesi yako mpelekee wakili au wakala aliyesajiliwa. Asiye na uwezo aulize Legal Aid NSW au Immigration Advice and Rights Centre, wapo hapa hapa Sydney.

Tukikutana arusini au msibani, swali letu ni moja: nitapataje viza? Ndugu zangu, hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ndiyo inayotuumiza: viza hiyo inaniruhusu nini, na inanifunga nini?

Swali la kwanza. Kwa nini Mwingereza aingie kirahisi na mama yangu wa Tanga asumbuliwe? Australia inadai viza kwa kila mgeni, hata raia wa New Zealand, ingawa huyo hupewa yake akifika uwanjani. Mwenye pasi ya Uingereza au Ujerumani hujaza fomu fupi kwenye intaneti na halipi ada. Pasi za Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo hazimo katika orodha hiyo. Mama ataomba viza ya mgeni, namba 600, ada yake karibu dola 200 za hapa, na akinyimwa hairudishwi. Mimi naona hapo hakuna usawa, na tulisemee. Lakini ofisa anayefungua faili la mama anapima jambo moja: je, atarudi kwao? Barua yako ya mwaliko, hata iwe tamu vipi, haijibu swali hilo. Linajibiwa na yanayomsubiri nyumbani: familia, shamba, duka, pensheni, na safari za nyuma alizorudi kwa wakati.

Na tafadhali, msinunue taarifa ya benki kwa dalali. Karatasi ya uongo ikigundulika, mwombaji anaweza kufungiwa viza nyingi kwa miaka 3. Uongo kuhusu utambulisho wake ni miaka 10. Dalali ameshakula hela yake, anayefungiwa ni mama.

Swali la pili. Mama amefika, anaweza kuongeza muda? Soma masharti ya viza yake. Ukiona namba 8503, maana yake hawezi kuomba viza nyingine nyingi akiwa ndani ya nchi. Namba 8101 inamkataza kufanya kazi. Mgeni kutoka kwetu hana Medicare, kwa hiyo mkatie bima kabla hajapanda ndege, maana kitanda cha hospitali hapa kinaweza kumaliza akiba ya ukoo mzima. Na akipitisha zaidi ya siku 28 baada ya viza kwisha, anaweza kuzuiwa viza za muda kwa miaka 3.

Swali la tatu. Nina ukaazi wa kudumu, nimefiwa nyumbani, niondoke tu? Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Ukaazi wako hauna mwisho ukibaki humu ndani, lakini ruhusa ya kutoka na kurudi ina mwisho, kwa kawaida miaka 5 tangu viza ilipotolewa. Ukitoka ikiwa imekwisha, hutarudi mpaka upate viza ya mkaazi anayerejea, namba 155 au 157. Tangu 2015 hakuna stika kwenye pasi ya kukukumbusha. Tarehe utaiona kwenye mfumo wa serikali uitwao VEVO. Na wewe unayengojea uamuzi kwa Bridging Visa A, ukivuka mpaka viza hiyo imekufa. Omba aina B kabla ya kuondoka. Msiba hautoi taarifa, basi angalieni tarehe zenu wakati huu wa amani.

Swali la nne ndilo zito: uraia. Kwa kawaida unahitaji miaka 4 ya kuishi hapa kihalali, na miezi 12 ya mwisho uwe mkaazi wa kudumu. Australia tangu tarehe 4 Aprili 2002 haimnyang'anyi raia wake uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa katiba ya 2010, na Uganda ina sheria yake ya 2009. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wake ni mmoja tu. Na Tanzania, kwa sheria ya 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nje kwa hiari yake amepoteza wa kwao.

Kwa hiyo Mkenya na Mtanzania wanaweza kula kiapo siku moja, ukumbi mmoja. Mkenya anatoka na nchi mbili. Mtanzania anatoka na moja, na siku ya kumzika mama yake ataingia Dar kama mgeni.

Wapo wanaosema huyo ni msaliti. Sikubaliani nao. Mkaazi wa kudumu akifungwa jela kwa hukumu ya miezi 12 au zaidi, viza yake inafutwa chini ya kifungu cha 501, hata kama alikuja mtoto. Mzazi anayewaza hayo, anayetaka kupiga kura na kutoa sauti pale anapolipa kodi, hajaikana Tanzania moyoni. Serikali ya nyumbani imezungumzia hadhi maalum kwa watu wa aina hiyo. Tuipokee kwa shukrani, lakini tusidanganyane: hadhi si uraia. Haikupi pasi wala kura. Madai ya uraia pacha yabaki mezani.

Mpaka hapo, kila mmoja aamue akijua bei. Asile kiapo kwa sababu jirani amekula, wala asikatae kwa kuogopa maneno ya watu. Wiki hii fungua VEVO, tazama pasi yako inaisha lini, na uliza uraia wa watoto wako umekaaje.